Hesabu za wodini na maneno ya mtaani

"Hesabu zilinishinda tangu kidato cha pili, uuguzi basi tena." Kauli hii nimeisikia Igoma, nimeisikia Nyegezi, hapa Mwanza, na mara nyingine anayeisema ana beseni la dagaa kichwani. Hapo huwa nacheka. Nenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Muuzaji akikwambia kilo ni shilingi 5,000, mjibu kwamba una 7,000. Hujafungua pochi, ameshakupimia kilo moja na gramu 400. Huo ni uwiano, na sehemu kubwa ya hesabu za dawa ni uwiano huohuo. Parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, mtoto akiandikiwa miligramu 150: gawanya 150 kwa 120, zidisha kwa 5, unapata mililita 6.25. Basi.

Wapo wanaosema simu ina kalikuleta, ya nini kuumiza kichwa. Hii ndiyo dhana ninayoiogopa zaidi. Chukua atesuneti, sindano ya malaria kali. Kichupa cha miligramu 60 huchanganywa na bikaboneti, maji yake ya kuyeyushia, mililita 1. Ikienda kwenye mshipa huongezwa saline (maji ya chumvi ya hospitali) mililita 5, na kila mililita inabeba miligramu 10. Ikienda kwenye msuli saline ni mililita 2 tu, na kila mililita inabeba 20. Mtoto wa kilo 15, kwa miligramu 3 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 45. Kwa hesabu tupu, mshipani ni mililita 4.5, msulini ni 2.25. Aliyechanganya ya mshipa akavuta kipimo cha msuli amempa mtoto nusu ya dawa, na kalikuleta haitalalamika, kwa sababu 45 gawanya kwa 20 ni 2.25 kweli.

Nukta ya desimali nayo hudharauliwa. Andika 5.0 kwa haraka, mwenzako wa zamu ya usiku atasoma 50. Andika .5, atasoma 5. Kwa hiyo 5 huachwa 5, na nusu huandikwa 0.5.

Dripu "ya kukadiria kwa macho"? Lita moja kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika, yaani 7 hivi kila sekunde 10. Saa ya ukutani inatosha.

Kisha kuna wale waliomwona mgawa dawa za kichocho shuleni, visiwa vya ziwani au huku mwambaoni, akimsimamisha mtoto kwenye mti wa kupimia urefu, wenye alama za idadi ya vidonge, na kumpa vidonge, wakasema hapo hesabu hazihitajiki. Hesabu imeshachorwa kwenye mti! Prazikwanteli, dawa yenyewe ya kichocho, ni miligramu 40 kwa kila kilo na kidonge kina 600. Mizani isipokuwepo, urefu unashika nafasi ya uzito. Wa kilo 45 humeza vidonge 3.

Na klorini, hasa kipindupindu kikiingia kambi za wavuvi. Una ya asilimia 3.5, unataka ya asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu. Wengi hugawanya, wanapata 7, wanamimina sehemu 7 za maji. Nami niliwahi kukosea hivyo. Ile 7 ni jumla: maji ni sehemu 6, ya saba ni klorini yenyewe.