Bwalo liko wazi, wazee wako milangoni: namna ya kutafiti ushiriki katika makazi ya wazee

Ratiba ya shughuli ikibandikwa bwaloni na wazee wakaendelea kukaa milangoni kwao, maelezo ya haraka huwa kwamba wamechoka au hawapendi michezo. Mara nyingi si kweli, na huwezi kulijua hilo kwa dodoso. Kazi yangu ni utafiti wa watumiaji, yaani kuchunguza watu wanavyoitumia huduma kabla hujaibadilisha. Hapa naeleza unavyofanyika katika makazi ya wazee ya kanda ya kati, kama ya Sukamahela kule Manyoni au Samaria pale Hombolo. Nawalenga maafisa ustawi wa jamii na vijana wanaotumwa kufanya tathmini.

Siku za mwanzo usiulize mtu chochote. Chora ramani ya makazi kwa mkono: vyumba, bwalo, jiko, bomba, zahanati, vyoo, na kila mti wenye kivuli. Kisha kila nusu saa, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, zunguka uweke alama: nani yuko wapi (tumia namba, si jina), yuko peke yake au na wenzake, anafanya nini. Hiyo ni mizunguko 23 kwa siku. Fanya siku mbili za kawaida na siku moja ya ibada au ya wageni, kwa sababu siku ya wageni makazi hubadilika kabisa na ndiyo siku ambayo wakubwa huiona.

Ukizitandaza ramani hizo pamoja, jambo la kwanza kujitokeza ni hali ya hewa. Mwezi wa Oktoba watu wanahama na kivuli. Juni na Julai, upepo wa Dodoma ukivuma, wazee walewale wanalikimbia bwalo asubuhi kwa sababu ni la baridi, wanaota jua ukutani. Kwa hiyo utafiti wa msimu mmoja hautoshi kupanga ratiba ya mwaka mzima.

La pili ni choo. Pima kwa hatua kutoka chumbani hadi bwaloni, na kutoka bwaloni hadi choo cha karibu. Mzee mwenye tezi dume, au anayemeza asubuhi vidonge vya presha vinavyokojoza, anawazia choo kabla ya kuwazia bao. Shughuli ya saa 3 asubuhi inamkuta dawa ikiwa kazini. Angalia pia viti. Benchi fupi lisilo na mgongo humlazimu mwenye magoti mabovu kusubiri mtu wa kumwinua, na wengi wataona afadhali wasikae kabisa. Kiti cha sentimita 45 hivi, chenye mikono ya kushikilia, kinatatua zaidi ya hotuba ya kuhamasisha.

Ndipo uende kwenye mazungumzo, na hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Ukiomba kuletewa wazee wa kuzungumza nao, utaletewa wachangamfu, walewale wanaopokea wageni. Chagua mwenyewe kutokana na ramani: watu 10 hadi 12, angalau 6 wawe wale ambao bwaloni hawaonekani, wanawake kwa wanaume, pamoja na asiyetoka kitandani. Zungumza na mmoja mmoja mahali alipozoea kukaa, dakika zisizozidi 40, mtumishi yeyote asiwepo karibu.

Swali baya kuliko yote ni "Bibi, ungependa tulete ngoma?" Atasema ndiyo, mwanangu, asante. Chakula, paa na dawa vinatoka kwenye ofisi anayodhani imekutuma, wewe ungesemaje? Uliza yaliyotokea: "Jana baada ya uji ulikwenda wapi? Ulikaa na nani? Mara ya mwisho ulipokwenda bwaloni, nini kilikufanya uondoke?" Kisha nyamaza. Vijana wengi hawawezi kuvumilia kimya, nao hujaza jibu wenyewe. Hesabu moyoni hadi 10 kabla ya kufungua mdomo tena. Na usiulize kuhusu mwezi uliopita. Jana na juzi zinatosha.

Kuhusu masikio: uzeeni sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, hivyo kupaza sauti kunaongeza kelele tu bila kuongeza maneno. Shusha sauti iwe nzito, sema taratibu, na uso wako uwe kwenye mwanga. Ukikaa na dirisha mgongoni, mzee hauoni mdomo wako.

Shikamoo inatosha kufungua mlango, lakini "mbukwenyi" humfanya Mgogo asogeze kiti. Baada ya salamu hiyo, kama Kigogo chako kinaishia hapo, uwe na mkalimani. Ukiwa na Warangi, Wasandawe au Wanyaturu, tafuta wa lugha yao. Asiwe mtumishi wala jirani wa chumba. Mzee akieleza kwa dakika tatu na mkalimani akakurudishia "anasema ni sawa tu", simamisha kazi umweleze upya kwamba unataka maneno yote, hata ya pembeni. Hayo ya pembeni ndiyo data.

Ridhaa iombwe kwa mdomo, na irudiwe kila unapokuja. Mwambie wazi kwamba akikataa kuzungumza, chakula na dawa zake haviguswi. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo daftari lenye namba na orodha ya majina visikae mfuko mmoja.

Kwa wasiopenda maelezo marefu, tumia kadi za picha: redio, kuku, bustani, bao, zeze, ususi, sala. Kila kadi iwe na picha moja kubwa, angalau ukubwa wa A5. Mtoto wa jicho hula picha ndogo. Palipo na waliougua ukoma, gundisha kadi kwenye vibao vinene, kwani vidole visivyohisi au vilivyokunjamana haviwezi kuokota karatasi mezani. Kwa sababu hiyohiyo bao la kawaida, lenye kete 64 ndogo, huwatenga watu wanaolijua vizuri kabisa. Ongeza ukubwa wa mashimo na kete. Na chai ya utafiti usiitie kwenye vikombe vya bati. Mkono usiohisi unaungua bila mwenyewe kujua.

Uchambuzi hauhitaji programu. Panga majibu katika mafungu ya mwili, saa, mahali, watu na shughuli yenyewe. Kwa maoni yangu fungu la watu ndilo hupuuzwa zaidi: ugomvi wa zamani, aibu ya kidonda chenye harufu, au mmoja anayewatawala wenzake bwaloni.

Badilisha jambo moja tu kwa wiki nne, kisha rudia mizunguko ya ramani. Usihesabu vichwa peke yake. Tofautisha aliyepo, anayefanya, na anayeanzisha. Chai ikitolewa bwaloni waliopo wataongezeka siku hiyohiyo, huku wanaofanya wakibaki walewale. Kinachowasogeza hadi kuanzisha mara nyingi ni jukumu: kuchambua mbegu za mtama, kutunza kuku, kumfundisha kijana zeze. Hilo liwe la hiari, na mayai yasiishie jikoni kwa watumishi.

Matokeo waelezwe wazee wenyewe kwanza, kwa lugha zao, pamoja na mambo ambayo hayatawezekana mwaka huu na sababu yake. Ramani tupu zibaki kwa mfawidhi ili mizunguko irudiwe Juni na tena Oktoba.