Koki ya uani inavuja: angalia kwanza maji yanatokea wapi

Mama mmoja wa Mbagala aliniita akiwa ameshanunua koki mpya. Ya uani ilikuwa inadondosha tangu Ramadhani. "Fundi, naikaza mpaka kiganja kinauma, haikomi." Nikaifungua. Shaba nzima, uzi mzima. Kilichokufa ni washa, kipande cha mpira kidogo kama ncha ya kidole. Koki mpya ikarudi dukani.

Kule kukaza ndiko kulikoiua. Ndani ya koki ya kuzungusha kuna shina, na mwisho wa shina kuna washa. Ukifunga, washa inashuka na kukalia kiti, yaani ule ukingo wa tundu la shaba la ndani ambako maji hupandia. Washa ikizeeka inakuwa ngumu na kuchimbika alama ya duara, maji yanapenya. Mtu akizidi kukaza, mpira unamalizika, shaba inasagana na shaba, na kiti nacho kinaliwa.

Kwa hiyo inama uangalie. Maji yakidondoka mdomoni wakati koki imefungwa, washa au kiti kina tatizo. Yakitoka juu kwenye shina pale tu unapofungua, washa haihusiki: kaza robo mzunguko ile nati inayolishika shina. Yasipokoma, ifungue, sokota tepe nyeupe ya bomba iwe kama kamba, zungushia shina mara tatu au nne, rudisha nati. Koki za mpini, zinazofunguka kwa robo mzunguko, hazina washa hii. Zikidondosha mdomoni mimi hubadilisha koki nzima.

Kufunga maji ndiko kunakowakwamisha wengi. Hapa Dar nyumba nyingi koki ya uani inapokea maji ya mtaani moja kwa moja, na ya ndani yanatoka kwenye tanki. Utafunga tanki, utafungua koki, utalowa. Funga ya kwenye mita. Kama hujui bomba lako linatoka wapi, funga zote mbili, kisha fungua koki ya uani usubiri maji yaishe.

Iache koki ikiwa wazi, ili washa isibanwe kwenye kiti. Shika mwili wa koki kwa spana moja, fungua kichwa chake, kile kipande cha juu chenye shina, kwa nyingine. Spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, inatosha. Msisitizo wangu uko kwenye ile spana ya kwanza. Ukifungua bila kuushika mwili, nguvu yote inaenda kwenye kiwiko cha bomba kilichomo ukutani, na kikipasuka utabomoa plasta kwa ajili ya washa moja.

Toa shina. Washa huwa imeshikwa na nati ndogo, au imebaki chini kwenye kiti, ichokonoe. Nenda nayo dukani, kwa sababu "nusu inchi" ni kipimo cha koki, na washa zake hazilingani zote. Nimekuta watu wamekata mpira wa ndala. Unaziba, lakini ni laini mno, kiti kinauchimba upesi. Duka likiwa limefungwa, igeuze washa ya zamani upande wa pili, itakuvusha usiku huo.

Kabla ya kurudisha, pitisha kidole juu ya kiti. Kikiwa laini, sawa. Kikiwa na pengo, washa mpya haitakaa, koki hiyo ibadilishwe. Ikwangue pia kidogo kwa kisu: wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi watakuta shaba imegeuka nyekundu badala ya njano. Zinki iliyochanganywa kwenye shaba hiyo imeshatoka, inavunjika kama biskuti, usipoteze washa yako hapo.

Kwa anayesema ni matone tu: tega kikombe cha mililita 250 chini ya koki. Kikijaa kwa saa moja, ni lita 6 kwa siku, lita 180 kwa mwezi. Ndoo tisa za lita 20.

Ukimaliza, fungua koki ya kwenye mita taratibu, kisha funga koki mpaka tone likome, usiongeze nguvu. Ikiwa maji yenu ni ya mgao na yanakuja usiku, presha ya mchana haitakuonyesha ukweli. Tandika gazeti kavu chini ya koki, ulitazame alfajiri.