Je, wajua? Kuchuma stroberi kutwa hakuhesabiki kama mazoezi

Mchumaji wa stroberi wa Watsonville au Oxnard, California, hushinda ameinama. Anasukuma kitoroli kidogo chenye trei katikati ya matuta, mikono yote miwili iko kwenye majani, na trei ikijaa anaibeba mbiombio hadi kwenye gari la kuhesabia. Anaandikiwa, anachukua tupu, anarudi kuinama. Wengi hulipwa kwa trei, ndiyo maana ya hizo mbio. Wachumaji hawa kwa sehemu kubwa wametoka Meksiko, au wazazi wao ndio waliotoka huko. Sasa mwite pembeni umwambie kampuni imeleta programu ya afya kazini, na somo la kwanza ni umuhimu wa mazoezi. Akicheka, usimlaumu.

Somo hilo lina ukweli ndani yake, ila ni ukweli wa ajabu kidogo.

Wa kwanza kukosea walikuwa wataalamu wenyewe. Kwa miaka mingi tafiti za afya Marekani ziliwauliza watu wanafanya nini wakati wa mapumziko: unakimbia, unaogelea, unakwenda jimu? Wamarekani wenye asili ya Meksiko, ambao leo ni zaidi ya milioni 35, walitokea karibu na mkia, na ikaandikwa kwamba jamii hii haijishughulishi. Kisha, kuanzia mwaka 2003, utafiti wa kitaifa uitwao NHANES ukawafunga watu vifaa kiunoni vya kupima mijongeo. Hesabu ikapinduka. Watu walewale wakaonekana miongoni mwa wanaojongea zaidi nchini. Kumbe swali lilikuwa limeruka zile saa ambazo mtu yuko kazini, yaani karibu mchana wake wote.

Hapo ndipo watu wengi wanaporukia kosa la pili: basi hawahitaji mazoezi, kazi imetosha. Imani hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alichapisha ulinganisho wa madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa ya London. Konda, aliyepanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku, alipata maradhi ya moyo kwa nadra kuliko dereva aliyekaa. Ushahidi safi kwamba kazi hulinda moyo. Lakini konda hupanda ngazi, husimama, hukata tiketi, hupumua, hupanda tena. Wala habebi kitu cha maana.

Kwa kazi nzito, picha ni nyingine. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulijumlisha tafiti 17 zenye watu zaidi ya 190,000, na ukakuta wanaume wa kazi nzito wana hatari ya kufa mapema kwa asilimia 18 zaidi ya wenye kazi nyepesi. Kwa wanawake haikuonekana hivyo. Wakati huohuo mazoezi ya muda wa mapumziko yanajulikana kurefusha maisha. Mwili mmoja, misuli ileile, matokeo yamepishana.

Maelezo yanayotolewa zaidi ni ya mapumziko, na njia rahisi ya kuyashika ni kufikiria mkopo. Ukikimbia nusu saa, umekopa mwilini: mapigo yamepanda, presha imepanda, misuli imechubuka kidogo. Hadi hapo hujafaidika. Faida huja wakati wa kulipa. Ukishakaa, ukala na ukalala, mwili hulipa deni na kuweka akiba juu yake. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na baada ya wiki kadhaa mapigo yako ukiwa umetulia hushuka. Kibarua naye anakopa kidogokidogo kutwa nzima. Kiasi chenyewe ni kidogo mno kuushtua moyo ujiimarishe, lakini muda wa kulipa hapewi. Presha iliyopanda alfajiri inabaki juu hadi jioni, na kesho anakopa tena kabla la jana halijaisha. Watanzania wanaijua mikopo ya namna hiyo, wanaiita kausha damu.

Ndiyo maana wataalamu wa afya kazini hupendekeza kazi ya saa nane isizidi wastani wa theluthi moja ya uwezo wa juu wa pumzi wa mtu. Na hapa ndipo mazoezi yanapopata nafasi: ni kama kipato kuongezeka huku deni likibaki palepale. Trei ileile iliyokuwa ikila nusu ya uwezo wako sasa inakula pungufu.

Kwa nadharia. Denmark walijaribu kwa wafanya usafi, miezi minne ya mazoezi wakiwa kazini. Pumzi iliongezeka kama ilivyotarajiwa, na presha nayo ikapanda kidogo, hasa kwa wale ambao kazi yao ilikuwa tayari nzito kwao. Nao watafiti wa Norway walikuta mwaka 2021 kwamba ukizingatia elimu, kipato, sigara na mengineyo, wanaume wenye kazi za kujongea hawafi mapema. Pengine wanaishi zaidi. Huenda sehemu ya kinachoitwa madhara ya kazi nzito ni madhara ya umaskini. Mjadala haujafungwa.

Ikiwa suala ni mapumziko, basi baadhi ya programu bora za afya hazina jina hilo. Sheria ya California iliyoanza kutumika mwaka 2016 inamtaka mwajiri alipe muda wa mapumziko kando kwa wanaolipwa kwa trei. Kabla ya hapo, kupumzika kulikuwa kujikata mshahara. Kanuni za joto za jimbo hilo nazo zinadai kivuli na maji, karibu lita moja kwa mtu kwa saa. Hakuna aliyeziita mazoezi, ila mimi ningeziweka kwenye orodha.

Kuhusu chakula, tortilla, ile chapati nyembamba ya Kimeksiko, hulaumiwa bure. Ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa ina kalsiamu, na ikiandamana na maharage ni mlo wa heshima. Tafiti za lishe zinaonyesha waliozaliwa Meksiko hula nyuzinyuzi nyingi zaidi kuliko wenzao waliozaliwa Marekani. Cha kuangalia ni soda kwenye lonchera, lile gari la chakula linaloegeshwa kandokando ya shamba.

Programu zilizopiga hatua hutumia promotora, mwanajamii aliyefundishwa afya, anayezungumza Kihispania na kujua mfuko wa kibarua una nini. Jaribio moja la California, Pasos Saludables, lililochapishwa mwaka 2015, liliwafundisha wafanyakazi wa shamba kula na kujongea kwa wiki 10. Wanawake walipungua uzito na kiuno. Kwa wanaume tofauti haikutosha kudai kitu, na ni wanaume haohao ambao kazi nzito inaonekana kuwaumiza. Kampuni ilikuwa moja na washiriki 254, kwa hiyo ni mapema kufunga hesabu.