Hori ya Nyakati za Biblia: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Hori, yaani chombo cha kulishia mifugo alimolazwa mtoto Yesu, ilikuwa kisanduku cha mbao chenye miguu, kimejaa nyasi laini.

Hiyo ni hori ya wachoraji wa Ulaya. Katika nchi ya Yudea mbao nzuri zilikuwa adimu, mawe ya chokaa yamejaa tele. Hori nyingi zilizofukuliwa ni bonge moja la jiwe lililochongwa shimo kwa juu. Zile za Megido, mji wa kale kaskazini mwa Israeli, zilizochimbuliwa na Chuo Kikuu cha Chicago kati ya 1925 na 1939, zina urefu wa karibu mita moja, na zimepangwa katikati ya nguzo zilizotobolewa matundu ya kufungia kamba. Wapo wanaakiolojia wanaoyaona majengo zilimokutwa kuwa maghala, lakini hori na matundu hayo ndiyo hoja nzito ya wanaosema yalikuwa mazizi ya farasi.

Nyingine zilijengwa kwa mawe madogo na kukandikwa udongo, au zilichongwa ndani ya pango. Jerome, mtafsiri wa Biblia aliyeishi Bethlehemu mwishoni mwa karne ya 4, alisikitika kwamba hori ya udongo iliyoheshimiwa pale imeondolewa na kuwekwa ya fedha.

Ndani yake hayakuwekwa majani makavu ya malishoni. Walitia mabua ya ngano au shayiri yaliyokatikakatika wakati wa kupura, na wanyama wa kazi waliongezewa shayiri. Shimo likiwa na kina kifupi, punda humwaga nafaka nje kwa pua. Kona zake zikiwa kali, chakula kilicholowa mate hunasa humo, kikachacha, na mnyama akaumwa tumbo. Kwa hiyo hori yoyote, ya jiwe au ya udongo, hutaka kukombwa mabaki kabla ya kutiwa chakula kipya.

Dhana: Hori ilikuwa zizini, mbali na makao ya watu.

Nyumba nyingi za wakulima zilichanganya watu na mifugo. Familia ililala sehemu iliyoinuka au ghorofani, wanyama wachache wakaingizwa chini usiku wasiibwe, na joto lao likasaidia wakati wa baridi. Mwanamke wa Endori alikuwa na ndama aliyenona nyumbani mwake (1 Samweli 28:24). Katika magofu ya Korazini, mji wa Galilaya, ya karne za baada ya Kristo, bado zinaonekana kuta za ndani zenye safu ya madirisha mafupi, na katika nyumba za aina hiyo mifugo ilikaa upande mmoja wa ukuta. Basi mtoto kulazwa horini hakutoshi kuthibitisha kwamba wazazi wake walifukuzwa kila mlango. Panaweza kuwa ndani kabisa ya nyumba ya watu.

Dhana: Luka anasema ng'ombe na punda walikuwepo.

Hamtaji mnyama hata mmoja pale. Wawili hao wametoka Isaya 1:3, na wachongaji wa majeneza ya mawe ya Kikristo waliwaweka kando ya mtoto tangu karne ya 4.

Dhana: Wana-kondoo wa hekalu walizaliwa Bethlehemu, wakaviringishwa vitambaa na kulazwa horini wasipate dosari.

Mahubiri ya Krismasi yameieneza sana dhana hii, na inavutia kweli, lakini hakuna maandishi ya kale yanayoitaja desturi hiyo. Mishna, kitabu cha sheria za Kiyahudi kilichokusanywa yapata mwaka 200, inasema tu kwamba mnyama atakayeokotwa kati ya Yerusalemu na Mnara wa Ederi, ulio upande wa Bethlehemu, akiwa dume ni sadaka ya kuteketezwa, akiwa jike ni sadaka ya amani. Vitambaa havimo, hori haimo.

Mfugaji naye ataikataa mara moja. Mwana-kondoo mzima husimama ndani ya saa ya kwanza na kutafuta chuchu. Asiponyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, mapema, mwili unapoa, anakosa kinga, anakufa. Ukimfunga miguu na kumtumbukiza kwenye jiwe baridi, umemtenga na kiwele saa anayokihitaji zaidi. Torati yenyewe iliagiza akae na mama yake siku saba, akubalike kuwa sadaka kuanzia siku ya nane (Walawi 22:27).