Dodoma–Dar kwa ndege: hiyo "saa moja tu" ina mambo yake

Kaa kijiwe chochote cha kahawa hapa Dodoma, utaje safari ya Dar kwa ndege, utaambiwa ni "saa moja tu". Kila mtu atakuwa na hesabu yake, na nyingi ni za kusikia.

Dhana: Dar ni kilomita 450, basi ndege nayo inaruka 450.
Hizo ni za lami, za Kibaigwa, Gairo, Morogoro na Chalinze. Angani hakuna kona. Ukinyoosha mstari unapata kama kilomita 390.

Dhana: Jeti itafika nusu ya muda wa pangaboi, yaani ndege ya mapanga.
Hii ndiyo yenye ubishi mkubwa, na wabishi wana sababu, maana jeti kweli ina mbio. Pangaboi aina ya Q400 huenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa, jeti 800 na ushei. Piga hesabu kwa kilomita 390 uone: tofauti ni kama dakika kumi. Na hata hizo kumi huzipati zote, kwa sababu ndege haianzi na mwendo wake wa juu. Inapanda, inakaa sawa kidogo, mara rubani anaanza kuishusha. Ni kama daladala yenye vituo vya karibu: dereva akichanganya gia tu, konda kashagonga bodi.

Kuna na hili la tiketi. Muda ulioandikwa huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Kutambaa ardhini na kusubiri zamu ya kuruka vimo humo humo. Ndiyo maana safari ya kilomita 390 huandikiwa saa nzima, pengine na dakika juu.

Dhana: Saa moja ya ndege, treni haioni ndani.
Inategemea unakwenda wapi. Kiwanja cha zamani cha Dodoma kiko mjini kabisa, bodaboda inakufikisha upesi. Lakini lazima uwahi kukaguliwa, na ukitua Dar usubiri begi, kisha uonje foleni ya Tazara. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, hutumia kama saa tatu na nusu hadi nne na kukushusha karibu na Kariakoo. Mimi nikienda kununua mzigo napanda treni. Nikiwa naunganisha ndege nyingine Dar, sibahatishi, napanda ndege.

Dhana: Saa ni moja nchi nzima, basi na futari ya Dodoma na ya Dar ni wakati mmoja.
Saa ndiyo, jua hapana. Dodoma iko magharibi zaidi, jua linachelewa kuzama kama dakika 14. Ukifuturu kwa adhana ya redio ya Dar, umewahi.

Dhana: 07:00 kwenye tiketi ni saa saba.
Ni saa moja asubuhi. Jirani yangu wa Area C, mtu mzima na akili zake, aliisoma saba mchana. Akapiga pasi suti, akala wali mapema, akafika kiwanjani saa tano na nusu akijisifu kwa kuwahi. Dada wa kaunta aliitazama tiketi, akamtazama yeye, akamwambia taratibu, "Baba, hii imeshaondoka tangu asubuhi."