Ekseli ya pedali inayocheza kwenye baiskeli ya fiksi: dhana potofu na ukweli

Baiskeli ya fiksi haina friwili. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka, na miguu ndiyo inayosukuma na ndiyo inayopunguza mwendo. Ekseli ya pedali, yaani mhimili unaopita ndani ya fremu na kuunganisha krenki (mikono inayobeba pedali), ikianza kucheza, cheni hukaza na kulegea ovyo, na cheni ikichomoka ukiwa kwenye mteremko inaweza kuligandisha gurudumu la nyuma. Kifaa hiki si cha kutengeneza kwa kubahatisha.

Dhana: Ikicheza, kaza bolti za krenki, basi.

Huenda bolti hazina kosa lolote. Pima kwanza. Legeza nati za gurudumu la nyuma kwa spana namba 15, sogeza gurudumu mbele, toa cheni. Usipime cheni ikiwa mahali pake: kidole kikiingia kati ya cheni na sproketi ya fiksi huku gurudumu linazunguka, kinakatika.

Sasa shika ncha ya krenki moja, isukume kuelekea kwenye fremu kisha ivute. Rudia upande wa pili. Ikicheza krenki moja tu, kasoro iko pale inapokalia ekseli. Zikicheza zote mbili sawasawa, kasoro ni beringi au vikombe vinavyozishika, ambavyo hufungwa kwa thredi (michirizi ya skrubu) kwenye fremu. Ili ujue ni kipi, weka ncha ya kidole kwenye ufa mwembamba ambapo kikombe kinakutana na fremu, mwenzako atikise krenki. Kikombe kilicholegea utakihisi kikisogea. Kikitulia na ekseli ikaendelea kucheza, beringi zimekwisha, au kama ni za gololi, zimelegezwa mno.

Dhana: Kukanyaga kinyume ndiko kunakofungua vikombe.

Waendesha fiksi wengi wanaamini hivi. Ukizizuia pedali ili upunguze mwendo, krenki bado zinazunguka kwenda mbele, na nguvu yako inapita kwenye cheni. Beringi zipo ili ekseli isikisokote kikombe. Kikombe hulegea kwa sababu hakikukazwa vya kutosha, au thredi za fremu zimelika. Kukanyaga kinyume kunaumiza sehemu nyingine: tundu la mraba la krenki, linalosukumwa huku na huku, na sproketi ya nyuma, ambayo ndiyo maana hufungiwa kwa ringi yenye thredi za kinyume.

Dhana: Kukaza ni kufuata saa, daima.

Fremu nyingi zina thredi za Kiingereza: bomba la fremu linalobeba ekseli lina upana wa milimita 68 kutoka ukingo wa kulia hadi wa kushoto, na kikombe cha kulia, upande wa cheni, hukazwa kinyume cha saa. Cha kushoto hufuata saa. Fremu za Kitaliano zina milimita 70 na pande zote mbili hukazwa kwa kufuata saa, ndiyo sababu kikombe chao cha kulia kina sifa ya kujifungua chenyewe. Hapo weka gundi ya thredi ya nguvu ya kati. Pima upana wa bomba kabla ya kugusa spana. Thredi za fremu zikichunika, kuzirekebisha ni kazi kubwa.

Dhana: Grisi kwenye thredi hufanya kikombe kilegee.

Thredi kavu hulia, hushika kutu, na hukudanganya kwamba umekaza. Safisha, paka grisi, kisha kaza kikombe cha katriji (ekseli na beringi zilizofungwa pamoja kama kipande kimoja) hadi Nm 50–70 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa mpini wa sentimita 30, ni kama kuubonyeza kwa uzito wa kilo 20 hivi.

Dhana: Katriji inayocheza inabanwa zaidi.

Beringi za katriji hazirekebishwi. Zikichakaa, badilisha katriji nzima kwa yenye urefu uleule wa ekseli; mara nyingi vipimo vimeandikwa kwenye mwili wake, kwa mfano 68-110. Usikubali "inayokaribiana", kwa sababu cheni ya fiksi lazima ipite kwenye mstari ulionyooka.

Vikombe vya gololi, vilivyo kwenye fremu za zamani, ndivyo vinavyorekebishwa. Kila upande hukaa gololi 11 za robo inchi ndani ya grisi. Nafasi ndogo inayobaki si ya kulazimisha ya kumi na mbili. Kaza kikombe cha kushoto mpaka ekseli ikwaruze kidogo, kirudishe nyuma kidogo sana, kisha kishikilie kisigeuke huku ukikaza ringi ya kufungia. Pima tena. Kurudia mara mbili tatu ni kawaida.

Dhana: Krenki iliyolegea hupona ikikazwa.

Ikiwa imelegea leo, kaza bolti hadi Nm 40 hivi, itakaa. Ikiwa imeendeshwa hivyo kwa siku kadhaa, chuma cha ekseli kimeshapanua tundu la alumini. Toa bolti uchungulie: mwisho wa ekseli unatakiwa uwe ndani zaidi kuliko uso ambao bolti inaukalia. Ukiwa sawa nao, bolti inabana ekseli yenyewe badala ya krenki, na hutafaulu hata ukaze vipi. Nunua krenki nyingine. Ya zamani iondoe kwa pula (kifaa cha kuchomolea krenki), si kwa nyundo, na kabla ya kuifunga pula hakikisha washa ya bolti haikubaki ndani. Ikibaki, pula inasukuma krenki yenyewe na kuchuna thredi zake.