Msafara wa Pikipiki Washington: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwishoni mwa Mei, Jumapili inayotangulia Siku ya Kumbukumbu ya Wamarekani waliofia vitani, maelfu ya pikipiki huunguruma kuingia katikati ya Washington, kwenye ukuta mweusi wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam. Picha zake husambaa kila mwaka, na maelezo yanayozifuata mara nyingi hukosea.

Dhana: Ni magenge. Mtu akiona jaketi za ngozi, ndevu ndefu na nembo zilizoshonwa mgongoni, hukata shauri hapohapo. Ukweli ni kwamba msafara huu ulianzishwa na askari waliopigana Vietnam, Artie Muller akiwa mmojawapo. Mwaka 1988, ulipofanyika kwa mara ya kwanza, pikipiki zilikuwa kama 2,500. Wanaojitokeza ni watu wa kujitolea: askari wastaafu, wajane, watoto wa marehemu, hata raia ambao hawajawahi kuvaa sare. Wapo wanaotoka California, upande wa pili wa nchi, wakikaa barabarani siku kama 10. Na anayeshangaa maombolezo kuwa na kelele, awakumbuke bodaboda wetu wanavyomsindikiza mwenzao makaburini.

Dhana: Jina lilitokana na mlio wa pikipiki. Hii ni nusu ya kweli. Kwa miaka mingi msafara uliitwa Rolling Thunder, yaani ngurumo zinazobingirika, lakini hilo pia lilikuwa jina la operesheni ya mabomu ya Marekani dhidi ya Vietnam Kaskazini, kuanzia 1965 hadi 1968. Marubani wengi waliangushwa wakati huo. Baadhi yao hawajaonekana hadi leo.

Dhana: Wanasherehekea vita. Marekani ina siku ya kuwashukuru wote waliotumikia jeshi, nayo ni tarehe 11 Novemba. Jumatatu ya mwisho ya Mei ni ya waliokufa. Waanzilishi wa msafara walikwenda mbali zaidi ya hapo: walikuwa wanawadai wale ambao hata kaburi hawana, yaani mateka wa vita na waliopotea vitani. Sisi tunajua msiba ulivyo na mwendo wake. Maiti huzikwa, watu hukaa matanga, kisha tanga huanuliwa na wafiwa wakajaribu kuishi tena. Mama aliyeambiwa tu kwamba mwanawe “hajulikani alipo” ataanua tanga lini? Kwangu mimi, huo ndio moyo wa jambo lote hili, na asiyeuona ataishia kuziona pikipiki tu.

Dhana: Waliopotea ni wa Vietnam peke yao. La. Idara ya ulinzi ya Marekani inahesabu zaidi ya watu 80,000 ambao hawajapatikana tangu Vita Kuu ya Pili. Wengi mno ni wa vita hivyo, na zaidi ya nusu ya wote wanadhaniwa walizama baharini. Wa Vietnam walikuwa zaidi ya 2,600 vita vilipokwisha. Leo hawafiki 1,600. Tofauti hiyo imetokana na kazi ya kufukua mahali ndege zilipoanguka, kuchunguza meno na mifupa, na kulinganisha vinasaba na vya ndugu waliobaki.

Dhana: Bado kuna mateka waliofichwa. Hii iliaminiwa sana hata miongoni mwa waendesha pikipiki wenyewe, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu tumaini la mfiwa halizimwi kwa barua ya serikali. Lakini kamati maalumu ya Seneti ilichunguza suala hilo na mwaka 1993 ikasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kuna Mmarekani aliyebaki hai kifungoni kule.

Mengine ni ya kusahihisha kwa ufupi. Chama cha waanzilishi, nacho kikiitwa Rolling Thunder, kiliandaa msafara wake mkubwa wa mwisho Washington mwaka 2019. Sasa chama cha askari wastaafu cha AMVETS ndicho kinachouendesha kwa jina la Rolling to Remember, na pamoja na kuwakumbuka waliopotea, kinapaza sauti pia kuhusu askari wastaafu wanaojiua. Patriot Guard Riders nao ni kundi jingine, la tangu 2005. Hao husimama na bendera kwenye mazishi ya wanajeshi, wakialikwa na familia, na si lazima mtu awe na pikipiki ndipo ajiunge.

Pikipiki zikizimwa, watu husogea ukutani kutafuta majina. Yapo zaidi ya 58,000. Aliyethibitishwa kufa ana alama ya umbo la almasi kando ya jina lake. Aliyepotea ana msalaba mdogo. Mabaki yake yakitambuliwa, almasi huchongwa juu ya msalaba huo. Iliamuliwa pia kwamba aliyepotea akirudi akiwa hai, msalaba wake utazungushiwa duara. Ukuta ulizinduliwa mwaka 1982, na hadi sasa hakuna duara hata moja.